Kusanifu kituo cha reli kinachotumia umeme kidogo Dodoma: kivuli na ratiba kwanza, paneli baadaye

Michoro mingi ya vituo vya reli huanza kwa kuhesabu paneli za jua zitakazokaa juu ya paa. Kwa Dodoma huo ni mwisho wa kazi. Umeme wa kuvuta treni za SGR (reli ya kisasa), zinazofika hapa tangu Julai 2024, una mfumo wake wa kilovolti 25. Hapa tunazungumzia jengo lenyewe: ukumbi, majukwaa, taa na maji. Jengo hilo hufurika watu treni inapokaribia, kisha hukaa karibu tupu kwa saa kadhaa. Anayelisanifu kama ofisi au duka kubwa atalipia umeme wa kupoza viti.

Jua na paa

Mji uko nyuzi 6 na dakika 10 kusini mwa ikweta, kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi 5 na Oktoba 9, na hiyo ya pili huangukia kwenye joto kali la kabla ya mvua. Kwa hiyo joto huingilia paani kwanza, kisha ukuta wa magharibi. Kuta nyingine ni rahisi kuzikinga.

Upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini kadiri reli inavyoruhusu. Reli ikikata mshazari, usihangaike kuuzungusha ukumbi: panga vyoo, stoo na chumba cha transfoma upande wa magharibi viwe ngao. Dirisha la kusini lenye kimo cha mita 1.5 hutosheka na kivuli cha sentimita 50, kwa kuwa jua la adhuhuri ya Desemba liko nyuzi 73 juu ya upeo. Kaskazini ni sentimita 85, kwa jua la Juni lililo nyuzi 60; lakini Juni Dodoma ni baridi, basi hata sentimita 60 zinatosha. Magharibi, kivuli cha juu hakisaidii kitu kuanzia saa tisa alasiri. Huko weka matofali ya matundu, vibao vya wima au miti. Mwarobaini huhimili ukame wa hapa.

Paa liwe la tabaka: bati jeupe la alumini na zinki, nafasi ya hewa ya milimita 100, sufi ya kuzuia joto ya milimita 75 hadi 100, kisha dari. Nafasi ile ya hewa lazima iwe wazi chini kwenye ukingo na juu kwenye kofia, yaani bati la kilele cha paa. Kosa la kila mara ni fundi kuziba kofia ili popo na ndege wasiingie, na hapo joto lote linabaki juu ya dari. Chora wavu wa chuma tangu mwanzo, na uuandike kwenye orodha ya vifaa, la sivyo hautanunuliwa. Usiweke mabati ya plastiki angavu kwenye paa lililolala; yanaleta jua la utosini moja kwa moja hadi sakafuni. Mwanga wa mchana uingie kwa madirisha ya wima chini ya sehemu ya paa iliyonyanyuliwa, na madirisha hayo hayo ndiyo yatoe hewa moto.

Kupoza ukumbi

Chukua ukumbi wa mita za mraba 2,000. Ukikadiria wati 150 za kupoza kwa kila mita, unahitaji kilowati 300 za baridi, yaani kilowati 100 za umeme kwa viyoyozi vya kawaida. Feni kubwa nane za dari, zenye kipenyo cha mita 6 hivi, hutumia kama kilowati 10 zote pamoja, na upepo wake humfanya mtu ahisi nyuzi 2 hadi 3 pungufu. Viyoyozi vibaki kwenye vyumba vidogo vinavyofungika: tiketi, mitambo ya mawasiliano, huduma ya kwanza.

Usiku wa Dodoma ni baridi ya bure. Acha zege la sakafu na kuta za mawe bila kufunikwa kwa mbao au zulia, fungua madirisha ya juu kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri, kisha yafunge kabla ya saa tatu asubuhi. Bila nondo za ulinzi na kihisi cha mvua, mlinzi atayafunga wiki ya kwanza na hatayafungua tena. Upepo wa kiangazi hutoka mashariki na kusini-mashariki ukiwa na vumbi, hivyo milango ya upande huo iwe ya jozi, yenye kibaraza katikati.

Agosti hadi Novemba hewa ni kavu kiasi kwamba vipozaji vya maji, vinavyopitisha hewa kwenye pedi zilizoloweshwa, hufanya kazi vizuri. Ukinakili mfumo huo Dar es Salaam hautafaa kitu, maana hewa ya pwani imeshiba unyevu. Vivyo hivyo michoro ya pwani haipaswi kuletwa hapa bila kuguswa. Shida ni maji. Lita moja inayogeuka mvuke huondoa joto la kilowatisaa 0.68. Kupoza kwa kilowati 100 kwa saa 6 kunakula lita 900 hivi. Ongeza theluthi moja ya maji yanayomwagwa ili chumvi isirundikane, inakuwa lita 1,200 kwa siku. Kwa siku 105 za msimu huo ni mita za ujazo 126. Maji ya visima vya huku yana chumvi nyingi, hugandisha magamba kwenye pedi, ndiyo maana tunapendelea maji ya mvua. Paa la mita za mraba 2,000 na mvua ya milimita 550 hutoa mita za ujazo 880 kwa mwaka, hata ukitoa asilimia 20 zinazopotea. Chimba tenki la mita 5 kwa 10 kwa 3, na uweke mtego wa kumwaga lita 2,000 za mwanzo za kila mvua, zenye vumbi na kinyesi cha ndege.

Taa zifuate ratiba

Majukwaa mawili ya mita 400 kwa 6, yenye mwanga wa luksi 75 (luksi ni kipimo cha mwanga unaofika sakafuni) kwa LED nzuri, yanahitaji kilowati 6.4 hivi. Zikiwaka usiku kucha kwa saa 12 ni kilowatisaa 77. Zikipunguzwa hadi asilimia 20 na kupanda dakika 40 tu kwa kila treni, tuseme treni nne, ni 29. Zifungamanishwe na mfumo wa treni halisi, siyo saa ya ukutani, kwa sababu treni ikichelewa abiria watashuka gizani. Ngazi na kingo za jukwaa zisipunguzwe. Ngazi za umeme ziwe na kihisi cha kuzituliza.

Paneli

Sasa hesabu paneli, kwa mzigo uliobaki. Kilowati 1 hapa hutoa kama kilowatisaa 1,600 kwa mwaka, na kilowati 100 huchukua mita za mraba 500. Mwinamo uwe nyuzi 10 kuelekea kaskazini. Ukilaza zaidi, vumbi jekundu haliteremki na mvua. Kiangazi zioshwe kila wiki mbili hadi nne, kwa hiyo bomba na njia ya kutembea viwe juu ya paa. Usiweke paneli kwenye ukingo wa paa ulio jirani na nyaya za kilovolti 25, na fremu zote za chuma ziungwe na mfumo wa ardhi (earth) wa umeme wa reli kwa idhini ya mhandisi wa umeme wa reli.

Gridi yetu sasa ina umeme wa maji wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, wenye kaboni kidogo, hivyo sehemu kubwa ya kaboni ya kituo imo kwenye saruji na chuma. Tumia mawe ya Dodoma kwa kuta na saruji yenye pozolana (kama majivu ya volkano, yanayopunguza kiasi cha saruji) pale ambapo mhandisi wa miundo anaruhusu.

Weka mita ndogo tano: feni na vipozaji, viyoyozi, taa za jukwaa, ngazi za umeme na lifti, maduka. Kabla ya kumlipa mkandarasi bakaa yake, yaani fedha iliyozuiliwa hadi kazi ikamilike, soma mita hizo kwa wiki mbili za Oktoba. Mzigo wa saa nane usiku ukizidi theluthi ya ule wa mchana, kuna kitu kinawaka bila abiria, na mita itakuonyesha ni kipi.