Kuandika TFC ukiwa Bukavu: itambue kwanza njia yako

Mwanafunzi wa Bukavu, mji wa mashariki ya Kongo, anayeanza kuandika kazi yake ya kumaliza masomo, yaani TFC, huambiwa apange sura zote kwanza, aandike utangulizi, kisha aendelee kwa mfuatano. Shauri hilo linawafaa wengi, lakini wapo ambao fikra haziwajii mpaka kalamu iwe imekwisha kutembea, na hao wakilazimishwa kupanga kwanza hukaa wiki nzima mbele ya ukurasa mtupu, wakijiona wavivu bure.

Kwa hiyo, kabla ya kuiga namna ya mwenzako, jichunguze kwa wiki moja. Kila unapoandika, weka daftarini saa uliyoanza, mahali ulipokaa, waliokuwa karibu nawe, na mistari uliyoiacha isimame ulipoisoma tena kesho yake. Kipimo hicho cha mwisho ndicho ninachokiamini zaidi.

Mwanga nao una neno. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na umeme ukikatika, mwenye kompyuta hubaki na betri tu. Mwanafunzi mmoja wa Kadutu, mtaa mmojawapo wa Bukavu, niliyemsaidia aliishi na ndugu sita katika vyumba viwili; aliamka saa kumi alfajiri, akasimamisha chupa ya maji juu ya tochi ya simu ili mwanga usambae, akaandika kwa mkono nyuma ya karatasi zilizokwisha kutumika, na kuzinakili kwenye kompyuta mchana. Mwenzake hakuuweza ukimya: aliandika sokoni, kando ya meza ya mama yake, kati ya mteja na mteja. Wote wawili walitetea kazi zao vizuri.

Ikiwa mawazo yako huja kwa Kiswahili au Mashi, lugha ya Washi wa huku kwetu, yaandike hivyo hivyo kwanza, hata kama kazi itatetewa kwa Kifaransa, au jirekodi kwenye simu ukimweleza mdogo wako, kisha uandike ulichosema. Naona tunawachosha wanafunzi tunapowadai Kifaransa safi kabla hawajajua wanataka kusema nini.

Zungumza na msimamizi wako mapema. Mweleze kwa heshima namna unavyofanya kazi, mwombe aipokee sura ya pili kabla ya utangulizi ikiwa ndiyo iliyotangulia kuiva, na mkubaliane siku ya kumpelekea kurasa chache, hata zikiwa bado na makosa.