Ukienda baraza la ndoa, nenda na daftari

Huu ni mwaka wangu wa 11 nikiwa mjumbe wa baraza la usuluhishi la ndoa katika kata moja ya Morogoro mjini. Zamani nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Na kabla sijawa mjumbe, nilikaa kwenye benchi kama lile lile la walalamikaji, ndoa yangu ikiwa imenishinda. Nilifika mikono mitupu, nikalia karibu saa nzima, nikatoka na karatasi lakini sijui nani atalipa ada ya mwanangu Januari. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu anieleze asubuhi ile.

Jua kwanza unakwenda wapi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inataka mgogoro upelekwe barazani kabla ya kufungua shauri la talaka, na baraza lithibitishe kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Waislamu wengi huenda BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, Wakristo wengi huanzia kanisani, wengine huja kwetu kata. Ipo misamaha: mwenzako amekutelekeza na hujui alipo, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kurudi ndani ya miezi 6, amefungwa miaka 5 au zaidi, au ameitwa akakataa makusudi kuja.

Baraza halitoi talaka, wala haligawi nyumba. Hiyo ni kazi ya mahakama. Sisi tunasikiliza, tunapatanisha, na tukishindwa tunaandika hati ambayo wengi wanaiita Fomu Namba 3. Wakili hasemi kwa niaba yako mbele yetu. Utasema mwenyewe, na mtu mwenye uchungu akisema bila maandalizi husema ya juzi na jana, ya kesho akayasahau.

Ndiyo maana nasema daftari. Kaa nalo jioni mbili tatu, watoto wakishalala.

Anza na watoto. Andika umri wa kila mmoja, darasa lake, nani anamwamsha, nani anampeleka shule, nani anakaa naye akiugua. Kisha andika wiki nzima, siku kwa siku. Baba mmoja, fundi magari, alikuja akirudia neno moja tu: "Nataka wanangu." Nikamuuliza, "Jumanne saa 12 asubuhi, huyu mdogo atavalishwa na nani?" Akanyamaza. Kisha akasema kweli, kwamba muda huo yeye yuko njiani kwenda gereji. Akaomba Ijumaa jioni mpaka Jumapili, na nusu ya likizo ya Juni. Mama akakubali pale pale, kwa sababu alichokuwa anakiogopa muda wote ni kunyang'anywa watoto moja kwa moja. Walikuwa wamegombana miezi 7 juu ya jambo ambalo hakuna hata mmoja aliyekuwa amelitamka.

Ujue pia sheria inasimama wapi. Mtoto aliye chini ya miaka 7 inachukuliwa kuwa ni vema akae na mama yake, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa. Linalotangulia ni maslahi ya mtoto, na mtoto anayeweza kutoa maoni yake mwenyewe husikilizwa. Hata mkikubaliana ninyi wawili, mahakama haifungwi na makubaliano yenu ikiona yanamuumiza mtoto.

Ukurasa wa pili ni wa gharama. Hapa ndipo vikao vingi huharibika, kwa sababu mmoja anasema "anipe matumizi" na mwingine anajibu "natoa kila siku", na wote wawili hawana hesabu. Andika shilingi. Mama mmoja alikuja na orodha ya watoto wawili kwa mwezi: chakula 120,000, nauli ya shule 22,000, mchango wa chakula cha shule 20,000, sabuni na maji 18,000. Jumla 180,000. Chini yake akaandika peke yake sare, viatu na madaftari ya Januari. Mumewe alikuwa ameingia akisema ana 50,000 tu. Aliisoma orodha mara mbili, akauliza bei ya nauli, akachukua kalamu akaandika mwenyewe 110,000, kila tarehe 5, na vitu vya Januari nusu kwa nusu. Sijawahi kuona mahubiri ya mzee yeyote yakifanya kazi kama karatasi ile. Pesa zitumwe kwa simu, maana ujumbe unabaki. Ukipewa mkononi, andikishaneni.

Matunzo ya mtoto hayasubiri talaka. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda mtoto ambaye wazazi wake wametengana, aendelee kutunzwa na kusomeshwa. Hata kama hamkufunga ndoa, ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kuwaita wote wawili.

Ukurasa wa mali ni mfupi, ila usiuruke. Orodhesha kilichopatikana mkiwa pamoja, mwaka gani, na mchango wa kila mmoja. Dada zangu, msiandike "mimi sikuchangia, nilikuwa nyumbani tu". Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu la mwaka 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupata mali ya familia. Toa nakala za hati na risiti, ziweke kwa mtu unayemwamini. Wala usiuze kitu chochote kimyakimya wakati mnasuluhishwa.

Siku yenyewe usije na msafara wa shangazi na wajomba. Watoto wabaki kwa jirani, wasisikie. Baraza litaanza kwa kuuliza kama mnaweza kurudiana, kwa sababu hiyo ni kazi yake ya kwanza. Jibu kweli yako. Kama unataka kurudi, sema unataka nini kibadilike. Kama hutaki, na mzee anakuambia uvumilie, usibishane naye. Sema: "Wazee wangu, nimewasikia na nawaheshimu. Kurudiana hapana. Naomba tuzungumzie watoto." Wenzangu wengine barazani hawalipendi jibu hili. Mimi naona anayemwambia "vumilia" mtu aliyeondoka miaka miwili iliyopita anampotezea siku.

Lakini kama unapigwa au unatishiwa, usikae naye meza moja kwa sababu tu umeitwa. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, uchukue PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, utibiwe. Mweleze mwenyekiti mapema, uombe usikilizwe peke yako. Mtu anayeogopa hakubaliani, anaitikia tu, na nimeona makubaliano ya namna hiyo yakivunjika kabla wino haujakauka.

Mkielewana, msiondoke na maneno ya mdomo. Iandikwe nani anatoa, kiasi gani, tarehe gani, watoto wanachukuliwa wapi na saa ngapi, na mtu akikwama mwezi mmoja afanye nini. Ile "atatoa kulingana na uwezo wake" ikatae kwa adabu, haina tarehe wala shilingi. Wekeni saini, kila mmoja abaki na nakala. Na shauri likifika mahakamani, ombeni makubaliano yaingizwe kwenye amri ya mahakama, vinginevyo akikaidi utakuwa umeshika ahadi tu. Kama huna pesa ya wakili, tafuta msaidizi wa kisheria wa eneo lako. Huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na haina malipo.

Mkishindwana, chukua hati yako na uangalie tarehe iliyoandikwa. Hati inayoambatanishwa na ombi la talaka haitakiwi kuzidi miezi 6. Yangu niliifungia kabatini miezi 8 nikitumaini atabadilika, nikalazimika kurudi barazani na kuanza upya, kusimulia yale yale mbele ya watu wapya.

Jambo moja zaidi mliandike kwenye makubaliano: siku ya kukutana tena kuyapitia. Mtoto wa miaka 4 leo, mwakani mahitaji yake ni mengine. Yule fundi na mama watoto walirudi baada ya mwaka kwa sababu mdogo alikuwa anaanza darasa la kwanza na shule ilikuwa karibu na gereji. Walikuja na daftari moja, wakabadilisha siku mbili za wiki, na hatukukaa hata nusu saa.