Ukiajiriwa kuwa mwanasheria wa supamaketi

Wiki ya kwanza watakupa meza, kompyuta na rundo la mafaili ya kesi. Mafaili yatasubiri. Nenda kwenye tawi lenye pilikapilika kuliko yote, fika saa moja kasoro asubuhi, usimame mlango wa nyuma, pale mizigo inapopokelewa. Mimi nilikaa ghorofani miezi minne kabla sijauona mlango huo, na baadaye nikagundua kwamba madai mengi ya wasambazaji yaliyokuwa yakininyima usingizi yalizaliwa pale.

Tazama kinachotokea. Dereva wa maziwa ana haraka, foleni ya Jinja Road hapa Kampala inamngoja. Hati inasema kreti 40, zimeshuka 37. "Tatu nitakuletea kesho, ndugu yangu, weka sahihi." Mpokeaji anasaini. Miezi mitatu baadaye ankara ya kreti 40 iko mezani kwako, na sahihi ni ya mtu wenu. Kwa hiyo kaa na wapokeaji, uwafundishe mambo mawili: wahesabu kwanza, na pungufu waiandike kwa kalamu kwenye nakala zote mbili, ya kwao na ya dereva. Wakague pia tarehe za mwisho wa matumizi, na alama ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, kwa bidhaa zinazopaswa kuwa nayo. Waambie pia kuwa Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Mzigo mmoja wa mafuta ya kupikia unavuka kiasi hicho, kwa hiyo makubaliano ya mdomo kwenye simu kati ya mnunuzi wenu na msambazaji hayatoshi.

Zungumza nao kwa lugha yao. Hili nalisema kwa uchungu.

Katika kampuni niliyokuwa nikiitumikia miaka ya mwanzo, kijana wa stoo, mwenyeji wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alituhumiwa kutoa katoni sita za mafuta bila ruhusa. Kikao cha nidhamu kiliendeshwa kwa Kiingereza kitupu. Mimi ndiye niliyeandika kumbukumbu. Kila alipoulizwa aliitikia kwa kichwa, nami nikaandika kwamba amekiri. Akafukuzwa. Alipofika mbele ya afisa kazi alizungumza Kiswahili karibu nusu saa, hakuna aliyemkatiza. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imelainika kwa jasho: hati ya kurudisha mizigo iliyoharibika, na chini yake sahihi ya meneja wa tawi. Alikuwa ametumwa. Nimezaliwa Busia, Kiswahili nimekisema tangu utotoni, na siku ya kikao sikumuuliza neno hata moja kwa Kiswahili.

Sheria ya Ajira ya 2006 iko wazi. Kabla ya kuamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au utendaji duni, mwajiri lazima amweleze sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa, na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Lazima mumsikilize, na mumpe muda wa kutosha kujiandaa. Mkiruka hatua hii, kampuni inadaiwa mshahara wa wiki nne hata kama kosa lilikuwa la kweli.

Utaratibu wake ni huu. Barua ya tuhuma itaje siku, saa, bidhaa na kiasi. "Umepoteza uaminifu wetu" si tuhuma. Kabla ya kikao mwulize angependa lugha gani, jibu uliandike. Akichagua Kiswahili, Luganda au Kiaringa na hakuna anayeijua mezani, tafuta mkalimani ambaye si msimamizi wake. Mwisho wa kikao msomee kumbukumbu kwa lugha hiyo hiyo, arekebishe anachotaka, ndipo asaini kila ukurasa. Kikao kitachukua saa mbili badala ya dakika ishirini. Meneja akinung'unika, mwache anung'unike. Na keshia akipata shoti, yaani fedha za kaunta zikipungua, usikubali mshahara wake ukatwe kimyakimya mwisho wa mwezi: aitwe, aonyeshwe hesabu za kaunta yake, asikilizwe.

Jambo la pili la kulishughulikia mapema ni walinzi. Mteja akishukiwa kuficha kitu kwenye mkoba, wengine humpeleka chumba cha nyuma, wakamfungia, wakampiga picha akiwa ameshika sabuni, wakaibandika ukutani au kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la matawi. Kila hatua hapo ni kesi dhidi ya kampuni. Raia anayemkamata mtu anapaswa kumkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Picha za kamera zenu nazo ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019. Mpe polisi akiziomba kwa utaratibu, zisiende kokote kwingine. Mimi hufanya mazoezi na walinzi dukani kabisa, mmoja akiigiza mteja. Wanajifunza kusema, "Mama, samahani, naomba tuangalie risiti pamoja," na kusimama mahali pa wazi, mwenzao wa kike akiwepo iwapo mshukiwa ni mwanamke. Tangu tuanze mazoezi hayo, sauti zimepungua mlangoni.

Mkataba wa pango usome mwenyewe, neno kwa neno, hasa gharama za huduma na jenereta, ambako fedha nyingi hujificha. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka kodi iwe ya shilingi isipokuwa mkataba umesema vingine, na wenye majengo makubwa ya Kampala hupenda mkataba useme dola. Bishana kabla ya sahihi.

Watu wa masoko watakuja Ijumaa jioni na bango la "nunua, ushinde pikipiki", limeshachapwa. Mchezo wa namna hiyo unahitaji kibali cha Bodi ya Kitaifa ya Udhibiti wa Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha. Waombe wakuonyeshe wazo likiwa bado kwenye karatasi.

Mwisho, andika namba yako ya simu kwa kalamu nene, ibandike ofisi ya kila meneja wa tawi. Akikupigia Jumamosi saa mbili usiku, mwulize mambo matatu: nani yuko hapo, nini kimeshasainiwa, na picha zimetumwa kwa nani. Mwambie asisaini chochote mpaka ufike, kisha ita boda.