Hiyo Rolls ya zamani, una uhakika ni Rolls?

Gari ya harusi ikifungwa riboni nyeupe kila mtu anaita Rolls, na mimi nilikuwa humohumo mpaka harusi ya binamu yangu kule Leicester, nimeisifia weee mbele ya dereva, mzee wa watu akacheka akanivuta mpaka mbele ya gari akapitisha kidole juu ya shoo, ile grili ya mbele. Imeviringa. "Bentley hii kijana."

Basi anzia hapohapo kwenye shoo. Ya Rolls-Royce ina kona kali juu kama hekalu la Wagiriki, na juu yake kainama yule mwanamke nguo zinapepea nyuma, sanamu ya Charles Sykes ya mwaka 1911. Ya Bentley imelainika mabegani, nembo yake B yenye mabawa. Mnachanganya kwa sababu Rolls ya Silver Cloud (1955 hadi 1966) na Bentley S ni mapacha kabisa, kiwanda kimoja pale Crewe, bodi ileile injini ileile. Ila boneti nayo inafuata umbo la shoo, kwa hiyo mjanja akichomeka shoo ya Rolls kwenye Bentley, boneti inamuumbua. Chungulia na wilikepu, nazo zina herufi.

Ukishajua ni Cloud, hesabu taa za mbele. Mbili kila upande ni Cloud III, ilianza mwishoni mwa 1962. Ikiwa mojamoja ni I au II, na hapo kwa nje usijifanye fundi, omba boneti ifunguliwe: silinda sita zimepanga mstari ni I, V8 (silinda nane zimepanga umbo la V) ni II, ya kuanzia 1959.

Sasa usikurupuke, Rolls iliyofuata, Silver Shadow ya 1965, nayo ina taa mbilimbili. Tazama ubavuni. Cloud ina mapaja, bodi inapanda juu ya tairi la mbele halafu inateremka taratibu mpaka mlango wa nyuma, Shadow imenyooka kama sanduku (mimi siipendi hivyo, ila ndo wengi waliyoinunua). Shadow II ya 1977 ina bampa zenye raba nyeusi na kidevu chini ya bampa ya mbele, ingawa zilizopelekwa Marekani zinavuruga hesabu maana zilipewa bampa nene mapema zaidi.

Rangi ya herufi RR kwenye nembo ya Rolls-Royce ilihama kutoka nyekundu kwenda nyeusi mwanzoni mwa miaka ya 1930, so ukikuta Cloud ina RR nyekundu jua mara nyingi ni mwenyewe tu kabandika. Pleti namba ndo kabisa usiitegemee, Uingereza mtu ananunua namba ya zamani anaihamishia gari lake, ruksa kisheria.