Meseji ya kliniki iandike saa ya Kiswahili
Ninyi mnaotuma meseji za kukumbusha wagonjwa siku ya kliniki, kagueni saa kwanza. Mfumo ukiandika "08:00", bibi wa Bahi anasoma saa nane. Anafika mchana, jua utosini, daktari kashamaliza foleni. Andika "Jumatano saa 2 asubuhi". Siku itangulie tarehe. Vijijini huku wengi tunahesabu kwa siku ya mnada. Halafu, unapoandikisha namba, uliza simu ni ya nani. Kwa wazee mara nyingi ni ya mjukuu, au ya jirani mwenye chaji, kwa hiyo ugonjwa na dawa visitajwe kabisa. Meseji moja ni herufi 160: jina, siku, saa, aje na kadi. Zinatosha na kubaki.