Kumtayarisha mgonjwa wa Lamu kuvunwa seli shina pasipo tangi la naitrojeni

Mwongozo huu ni wa muuguzi au afisa wa kliniki anayemdunga sindano za kutoa seli shina mgonjwa wa mayeloma (saratani ya uboho) kisiwani kabla hajapanda boti kwenda kwenye kituo chenye mashine ya kuchuja seli hizo kutoka kwenye damu. Tangi la naitrojeni ndilo la kugandishia seli; pasipo hilo seli hazikai muda mrefu. Uvunaji huweza kuharibikia huku huku, mashine haijaguswa.

Hatua ya 1: Dawa za nyuma. Vuneni baada ya mizunguko kama 4 ya tiba. Lenalidomidi, dawa ya mayeloma, ikitumika muda mrefu, uboho huwa mgumu kutoa seli. Isimamishwe wiki 2 hadi 4 kabla. Vidonge vya melfalani, dawa kali ya saratani, asipewe kabisa kabla ya kuvunwa.

Hatua ya 2: Kipimo. Mpime kwa mizani, usimuulize kilo zake. Filgrastimu, dawa inayosukuma seli shina kutoka uboho hadi kwenye damu, ni maikrogramu 10 kwa kilo kwa siku, chini ya ngozi. Wa kilo 60 atahitaji 600, yaani vichupa 2 vya 300, saa ile ile kila siku. Siku ya 5 hudungwa asubuhi kituoni, saa chache kabla ya mashine.

Hatua ya 3: Baridi. Dawa ikae nyuzi 2 hadi 8. Joto kila mtu analiogopa. Barafu ndiyo husahaulika, na dawa haitakiwi kuganda. Pakiti zikitoka frizani ziache mezani mpaka ukizitikisa usikie maji yakicheza ndani. Ndipo uzipange, kitambaa kikizitenga na vichupa, kipimajoto ubavuni mwa dawa. Asafiri siku ya 3 baada ya sindano, na vichupa vya siku mbili zilizobaki (wa kilo 60, vichupa 4). Kisanduku akipakate, kisipande juu ya basi Mokowe. Msimu wa kusi bahari huchafuka na boti huchelewa, kwa hiyo mwongezee pakiti.

Hatua ya 4: Maumivu. Nyonga na mgongo vitauma, ndio uboho unafanya kazi. Mpe parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni hapana, figo za mayeloma hazizistahimili. Maumivu ya ubavu wa kushoto juu au bega la kushoto ni jambo jingine: huenda ni bandama. Simamisha sindano, apigwe picha ya ultrasaundi upesi.

Hatua ya 5: Mashine. Mgonjwa hukaa kwenye mashine saa 4 au 5. Mishipa ya mikono ikiwa hafifu, huwekwa katheta (mrija wa mshipani) nene kama ya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Sitreti inayozuia damu kuganda hunasa kalsiamu, midomo ikaanza kuwasha na kufa ganzi. Punguzeni kasi, mpeni kalsiamu. Muulizeni kila mara. Wazee wetu huona haya kulalamika.

Hatua ya 6: Hesabu na saa. Kima cha chini ni seli milioni 2 za CD34 (alama inayotambulisha seli shina) kwa kila kilo ya mgonjwa. Milioni 4 au 5 ni bora. Pasipo naitrojeni, mfuko hulala kwenye friji ya benki ya damu kwa nyuzi 4 na kurudishwa mwilini ndani ya saa 72. Mkivuna siku mbili, saa zinahesabiwa tangu mfuko wa kwanza. Melfalani ya mshipani, inayotolewa baada ya kuvuna ili kuua saratani kabla seli hazijarudishwa, miligramu 200 kwa mita mraba ya mwili (figo mbovu, 140), huhitaji angalau saa 24 kabla seli hazijarudi. Isifunguliwe mpaka hesabu ya seli iwe mkononi kwa maandishi, si kwa simu.