Washa ya alumini chini ya bolti ya chuma

Ukifungua kava la magnesiamu, la msumeno wa mnyororo au la pikipiki, ukakuta unga mweupe umezunguka kichwa cha bolti na pembeni pamechimbika, usirudishe bolti ya chuma ikiwa tupu. Weka chini yake washa ya alumini, yaani kipete bapa cha kukaa chini ya kichwa cha bolti, iliyo pana kuliko kichwa hicho, milimita 5 hivi kila upande. Chuma na magnesiamu vikigusana penye maji huwa betri, na kinacholiwa ni magnesiamu. Kwa nguvu hiyo ya betri alumini haiko mbali na magnesiamu kama chuma kilivyo, na ule upana hulifanya tone la maji lishindwe kuvifikia chuma na magnesiamu kwa pamoja. Chukua alumini ya aina ya 5000 au 6000 (namba hizi hutaja mchanganyiko wake). Ya 2000 ina shaba, itaharibu zaidi. Stenlesi nayo si dawa hata kidogo. Meno ya bolti yapake grisi, maana huko washa haifiki. Maji ya chumvi yakituama hapo, washa peke yake haitoshi. Kwenye injini ya gari ya BMW N52, yenye magnesiamu, bolti zinazoshika magnesiamu zenyewe zilikuwa za alumini, na hizo ukizifungua unaweka mpya.